Lusajo Si Jina la Kosa

Hapana, Gaude. Leo mchana nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa na wewe nisome mpaka mwisho. Umesema Git, ile ya kutunza historia ya mafaili, ni ya wanaoandika programu, sisi wajaribu kazi yetu ni kubonyeza na kuangalia nini kinavunjika. Halafu ukaongeza, huku unacheka, kwamba hata huyo Lusajo mwenyewe alikuwa bingwa wa Git na bado akapeleka Lusajo Kirando. Hapo ndipo nilipoinuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Sikukujibu kwa sababu jibu ni refu, na mimi nikiongea na hasira naruka maneno. Ndiyo maana naandika. Kesho Ijumaa ni siku yangu ya mwisho hapa ofisini, Jumatatu naanza chuo Mbeya, na ninyi mmeshaanza kuniita mstaafu. Sawa. Mstaafu wa miaka ishirini na sita basi, na kama wastaafu wote nina haki ya kuwachosha wanaobaki na habari za zamani.

Kwako wewe Lusajo ni neno tu. Ulilikuta. Simu ikifunga orodha ya abiria kabla chombo hakijaondoka, watu wa Kirando kule ziwani wanasema imefanya Lusajo, na sisi hapa Mazwi, Sumbawanga, tukalichukua hivyo hivyo. Lipo mpaka kwenye faili letu la maneno ya kazi, mstari wa tisa: "Lusajo: orodha kujifunga kabla ya wakati." Lakini ni mtu, Gaude. Kaka Lusajo alikalia kiti hicho unachokalia, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, na huo waya aliufunga yeye. Kwao ni Tukuyu. Na kwa Kinyakyusa lusajo maana yake ni baraka. Sasa fikiria jina la baraka limegeuka jina la kosa, na kosa lenyewe halikuwa lake.

Nianze mwanzo.

Nilikuja hapa miaka mitano iliyopita, nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani msimu mmoja nikipalilia ulezi na mama. Mama Tumaini, mwenye ofisi, alikuwa anatafuta mtu wa kujaribu programu. Kwenye usaili aliniuliza swali moja tu: "Wewe binti, una subira?" Nikamjibu "ndiyo" kabla hajamaliza kuuliza. Akacheka, akanichukua. Kaka Lusajo aliniambia baadaye kwamba alipenda hilo, kwa sababu watu wa ziwani nao hawana subira na simu, kwa hiyo nitabonyeza kama wao.

Kazi ilikuwa hii hii unayoifanya. Karani wa vyombo anaandika kwenye simu majina ya abiria, anaweka saa ya kuondoka, na orodha inaonekana kwa mwenzake wa bandari ya mbele. Saa ya kuondoka ikipita, orodha inajifunga, ili mtu asije akaongeza majina chombo kikiwa katikati ya maji. Mimi nilipewa simu mbili za zamani na kompyuta, nikaambiwa: haribu.

Kuharibu nilikuwa naweza. Kutunza ndiyo sikuweza. Kila nikiandika karatasi ya majaribio nilikuwa nahifadhi faili jipya. Baada ya wiki tatu nilikuwa na "majaribio", "majaribio mapya", "majaribio mapya kabisa", "majaribio mwisho", na "majaribio mwisho kweli". Siku moja Kaka Lusajo akaja na kikombe chake cha chai, akainama kwenye skrini yangu, akasoma yote taratibu kama anasoma matangazo ya kanisani.

"Skola mdogo wangu," akasema, "hapa kati ya mwisho na mwisho kweli, ni ipi iliyokufa kwanza?"

"Zote zinafanya kazi, kaka."

"Ipi ndiyo uliyotumia juzi ukasema kitufe cha kufuta hakifanyi kazi?"

Sikujua. Nikafungua moja, nikafungua nyingine. Akavuta kiti.

Siku hiyo alinifundisha amri nne tu. Ya kuanzisha, ya kuchagua faili, ya kuweka komiti, na ya kusoma historia. Aliziandika kwa kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na mpaka leo kalenda hiyo ipo, ni ile iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Tukaweka komiti ya kwanza, halafu akaniambia nifute faili langu la majaribio. Nikadhani anatania. "Futa," akasema. Nikafuta. "Futa na kwenye pipa la taka." Wiki tatu za kazi zilikuwa humo. Nikafuta. Yeye akaandika mstari mmoja, akabonyeza, na faili likarudi. Lote, mpaka na ile sentensi niliyoikosea nikaandika "abira" badala ya "abiria".

Nilifanya ishara ya msalaba. Sikutania. Kaka Lusajo ni Mmoraviani, akanitazama tu, akanywa chai yake.

"Halikuwa limekufa?" nikauliza.

"Lilikuwa chini. Kila ukiweka komiti, hali ya siku hiyo inabaki. Unaweka juu yake nyingine, na ile ya chini haiondoki."

Nilienda nyumbani na baiskeli bila kuona barabara. Miaka yote nilijua kitu kikifutwa kimefutwa. Shuleni ubao ukifutwa umefutwa, kama hukuandika shauri yako. Kumbe kuna mahali ambapo jana inakaa nzima nzima na unaweza kuiendea ukaikuta na makosa yake ya herufi.

Jumamosi nikaenda kijijini kumsaidia mama. Ilikuwa mwisho wa mvua, wakati wa kupiga ntumba. Wewe umekulia Mbeya mjini, labda hujawahi kupiga, kwa hiyo nakueleza. Unakata nyasi na udongo wake kwa jembe, unazigeuza, unarundika, unafukia, mpaka shamba zima linajaa vichuguu; hizo ndizo ntumba. Juu yake unapanda maharage. Mwaka unaofuata, nyasi zikishaoza ndani, unavibomoa unasambaza, na hapo ndipo ulezi unapopandwa. Sisi Wafipa nyasi hatuchomi. Nikamwambia mama habari ya Git katika Kifipa chetu cha kuchanganya, nikamwambia wiki hii nimefanya komiti kumi na moja.

"Kamati kumi na moja?" mama akasimamisha jembe. "Kwa wiki moja? Mna shida gani huko ofisini?"

"Si kamati mama, komiti. Ni kama kuweka alama kwamba kazi imefika hapa."

"Na chai mnapewa kwenye hizo kamati?"

Nikaacha maneno, nikaonyesha kichuguu. Nikamwambia ni kama hii. Kazi ya leo tunaifukia, haipotei, ya kesho inaota juu yake. Mama akafikiri, akapiga jembe mara mbili tatu, akasema, "Sasa hicho ndicho cha kushangaza? Hiyo si akili ya kawaida?" Akaendelea kulima. Mimi nilibaki nimesimama naangalia shamba la mama yangu, vichuguu mstari kwa mstari mpaka chini kwenye kijito, na nikaona aibu kidogo kwamba nimelipita kila siku maisha yangu yote nikidhani ni matope.

Sasa nikuambie udhaifu wangu, maana ndio ulioleta yote. Mimi na kusoma hatuelewani kama nina haraka. Kila komiti inataka maelezo mafupi: umefanya nini na kwa nini. Mimi niliandika "marekebisho". Zote. Kaka Lusajo siku moja akafungua historia mbele ya watu wote wa ofisi, akaanza kusoma kwa sauti ya ibada:

"Marekebisho. Marekebisho. Marekebisho. Marekebisho." Akageuka. "Skola, nyie Wakatoliki hii si litania? Niitikie utuombee?"

Mama Tumaini alicheka mpaka akavua miwani. Nikaanza kuandika maelezo. Lakini kuandika maelezo ni kitu kimoja, kusoma ya wengine ni kitu kingine, na hilo la pili nilikuwa bado.

Mwaka wa pili nikatumwa Kirando kuona simu zinavyotumika. Unaijua ile safari: unaondoka Sumbawanga na sweta mbili, unapita Namanyere, ukishuka kule ziwani sweta zote ziko kwenye mfuko. Karani wa vyombo ni Mzee Deusi, unamjua, na wakati ule hakuwa mkali namna hii. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaondoa dagaa waliokuwa wameanikwa kwenye benchi ili nikae.

"Binti, simu yenu inanifukuza kazini," akasema.

"Inakufukuzaje, mzee?"

"Tazama." Chombo kilikuwa kinaondoka saa mbili asubuhi. Akaandika mbili kwenye sehemu ya saa. Orodha ikajifunga hapo hapo, kabla hajaandika jina hata moja.

Nilikaa nikitazama kile kidole chake kwenye ile mbili. Ofisini sote tulikuwa tunaandika nane, kwa sababu tunakaa na kompyuta kutwa na kompyuta inahesabu kizungu. Simu iliiona mbili ikaelewa saa nane za usiku, ikasema chombo kimeshaondoka zamani, ikafunga. Mzee Deusi hakukosea chochote. Saa mbili asubuhi ni saa mbili, kila mtu kuanzia hapa mpaka Kasanga anajua. Tuliokosea ni sisi tuliojaribu programu ya Waswahili kwa saa ya mashine.

Nilirudi Mazwi nimevimba kichwa. Nilihubiri habari ya saa wiki nzima. Mama Tumaini akasema hilo ndilo jambo kubwa lililowahi kuonwa na mjaribu katika ofisi yake, na Kaka Lusajo akaanza kulitengeneza mara moja, ili karani achague asubuhi, mchana au usiku, na saa iwe ya kwetu.

Kaka Lusajo alikuwa na tabia ya kuamka mapema kuliko jogoo na kufanya kazi kwanza. Kazi hiyo ya saa aliigawa komiti tatu za siku moja. Kabla hajamaliza kuhakiki, simu ikaja ya msiba Tukuyu, baba yake mkubwa. Akafunga mkoba akaondoka. Kirando walikuwa wanasubiri. Siku iliyofuata akanipigia kutoka msibani, nyuma yake watu wanaimba, mtandao unakata.

"Skola, wapelekee. Chukua ya saa tatu. Umesikia? Ya saa tatu. Ya saa tano usiiguse, hiyo nimeivuruga."

"Ya saa tatu. Nimesikia, kaka. Poleni sana."

Nikafungua historia. Komiti tatu, zimeandikwa muda wake: 11:20, 09:05, 03:10. Nikatafuta tatu, nikaiona, 03:10. Tano sikuiona kabisa, nikashukuru, nikasema ameshaiondoa.

Soma tena hapo, Gaude, usipite. Mimi. Mimi niliyetoka Kirando nikihubiri kwamba saa ya mashine si saa yetu. Kaka Lusajo yuko msibani, anaongea kama mtu, kasema saa tatu, yaani asubuhi, 09:05. Na mimi, kwa sababu nipo mbele ya mashine, nikasikia kama mashine. Ile 03:10 ilikuwa kazi yake ya saa tisa alfajiri, ya kwanza, haijakamilika. Na alikuwa ameandika. Maelezo yake yalikuwa pale pale pembeni, kwa Kiswahili safi: "Saa za Kiswahili, jaribio la kwanza. Asubuhi tu. Mchana bado, usipeleke." Sikuyasoma. Niliangalia saa tu.

Nikaijaribu, ndiyo. Nikaandika saa mbili asubuhi, ikakubali. Hayo ndiyo yalikuwa malalamiko ya Mzee Deusi, nikaona yametimia, nikaridhika. Saa nane mchana sikuigusa. Nikaibandika lebo ya "Kirando", alama kwamba ndiyo iliyopelekwa huko, kwa jina langu kama Git inavyotaka, nikaituma. Halafu nikaenda kula.

Jumatano ile chombo cha kwenda Kasanga kilikuwa kiondoke saa nne asubuhi. Mzigo ukachelewa. Mzee Deusi alikuwa ameshaandika watu kumi na tisa, akabadilisha saa, akaweka saa nane mchana. Simu ikaisoma nane ya kizungu, yaani saa mbili asubuhi, ikaona imepita, ikafunga. Akanipigia.

"Binti, imefunga tena."

"Zima uwashe, mzee."

"Nimezima."

"Subiri kidogo ujaribu tena."

Nilikuwa na kazi nyingine mkononi, sikuamka hata kwenye kiti. Yeye akachukua kipande cha boksi la sabuni, akaandika wale kumi na wawili waliobaki kwa kalamu, akakitia mfukoni. Zamani alikuwa na daftari kubwa ambalo nakala yake ilisafiri na nahodha. Sisi ndio tuliomwambia aliache, kwamba simu inatosha.

Chombo hakikufika Kasanga jioni. Asubuhi ya Alhamisi hakijafika. Simu ya ofisi ikalia, namba ile iliyoandikwa mwanzo wa programu, nikapokea mimi. Alikuwa mama mmoja wa Kasanga. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, hakulia.

"Mwanangu Editha alinipigia akiwa ndani ya chombo. Nimesikia mpaka injini. Huku karani ananionyesha orodha yenu, anasema hayumo."

Nikasema ngoja niangalie. Nikaangalia. Watu kumi na tisa, Editha hayumo.

"Mnasema hayumo," akasema yule mama. "Sasa chombo kikipotea, mtamtafuta nani?"

Nikashuka tena majina yote kumi na tisa kwa kidole. Sikuomba msamaha hata, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa kwamba ni mimi.

Walifika Alhamisi hiyo alasiri. Injini ilikuwa imekorofisha, wakaingia bandari ya Wampembe, njiani, wakalala huko, watu thelathini na moja wote wazima, na Editha na kuku wake wawili. Kwenye boksi la Mzee Deusi alikuwa wa tano, yaani mtu wa ishirini na nne kwa wote. Lakini tangu asubuhi mpaka alasiri hiyo yule mama alikaa Kasanga akijua kwamba binti yake yuko majini na kwamba duniani hakuna karatasi inayosema hivyo.

Kaka Lusajo akarudi Ijumaa kutoka msibani, hajanyoa ndevu. Akakaa, akafungua historia, akaitazama muda mfupi. Niliona macho yake yamefika kwenye lebo. Jina langu lilikuwa pale, siku, saa na dakika. Akachukua ile ya 09:05, akaijaribu asubuhi, mchana, usiku, akaituma, na Kirando ikapona. Kama kunywa maji. Toleo zima lililo sawa lilikuwa limekaa pale siku zote likisubiri mtu alichukue, halijaharibika, halijasogea. Nilistaajabu na nikaogopa kwa pamoja. Siku ile ya kwanza nilifurahi kwamba hakuna kinachopotea. Sikufikiria kwamba na mimi nimo.

Mama Tumaini akatuita. Git haijui na hakutaka kuijua siku hiyo. Alitaka jina.

"Nani kapeleka hiyo?"

Nikafungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Kaka Lusajo akawahi.

"Mama, mimi ndiye niliyesema saa tatu bila kusema ya asubuhi. Toleo ni langu, nililiacha nusu nikaondoka. Kosa ni langu."

Nikafunga mdomo. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Ilichukua muda wa kufunga mdomo.

Mama Tumaini akampigia Mzee Deusi mbele yetu, akamwambia aliyekosea ni Lusajo na hatashika tena kazi za ziwani. Na kazi za ziwani ndizo alizozipenda, alikuwa amepanga ahamie Kirando kabisa, alikuwa ameshaulizia chumba. Miezi mitatu baadaye akaacha kazi akarudi kwao. Huko Kirando neno likaanza. Kwanza "ile ya Lusajo". Halafu "simu imefanya Lusajo". Halafu siku moja nikamkuta mtu wa mashua ya dagaa, wala hajui simu yetu, nyavu zake zimejisokota, anamwambia mwenzake, "Mshikaji, hii umenifanyia Lusajo." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, Gaude, ili wasiniulize kwa nini sicheki.

Kabla hajaondoka nilimfuata nje alipokuwa anafunga mizigo yake kwenye bodaboda. Nikamuuliza, "Kaka, ile lebo yangu ya Kirando, kuna namna ya kuiondoa isionekane?"

Akakaza kamba. "Namna ipo."

"Nifundishe."

"Vyote vingine nimekufundisha," akasema. "Hilo utafundishwa na mtu mwingine." Halafu akatabasamu, akanipiga begani kidogo, akasema nisisahau kusoma maelezo. Akapanda. Sweta yake ya bluu ilionekana mpaka kona ya soko.

Nilijifunza mwenyewe baadaye namna ya kuondoa lebo. Ni mstari mmoja. Miaka mitatu nimeuandika mara kadhaa na sijawahi kubonyeza. Wala sijawahi kusema. Nimekaa katikati, hapo ndipo nilipokaa.

Kwa hiyo usiniambie Git si ya wajaribu. Mwandishi wa programu anajua alichoandika. Sisi ndio tunaosema hii ipite, hii isipite, na tukishasema kuna Editha anapanda. Soma maelezo kabla ya saa. Mtu akikutajia toleo kwa saa, mwombe zile herufi na tarakimu za mwanzo wa komiti, hizo hazina asubuhi wala usiku. Ukiambiwa mbili, jaribu na nane. Na karani akikupigia, amka kwenye kiti.

Ila hayo yote ungeweza kuyapata kwenye kalenda ya mlango wa stoo. Haya yafuatayo hayapo popote.

Nilikuwa nimekusudia kukuachia daftari hili kwenye droo uje ulisome nikiwa nimeshafika Mbeya. Nimeandika mpaka hapa nikaona kwamba huko nako ni kukaa katikati. Kwa hiyo nakupa leo hii, na kesho nitawahi, kabla ya chai. Nitamwomba Mama Tumaini akae kwenye kiti chenye waya, na wewe usimame hapo, nifungue historia nishuke mpaka kwenye lebo ya Kirando, nimsomee jina lililoandikwa. Kisha nitampigia Mzee Deusi kwa sauti ya nje, nimwamkie, nimwambie jina hilo hilo, na namba ya yule mama wa Kasanga nitamwomba yeye. Kaka Lusajo nitampigia mwisho, nikiwa nimeshamaliza, asije akawahi tena kunijibia.

Halafu nitafungua faili la maneno ya kazi, mstari wa tisa. Nitaondoa Lusajo niandike Skolastika. Neno la zamani litabaki chini yake, ntumba haichomwi, anayetaka kufukua atalikuta. Na kwenye maelezo ya komiti sitaandika marekebisho. Nitaandika nani alipeleka, nini, na kwa nini alinyamaza.

Saa tatu asubuhi. 09:00. Naandika zote mbili, ili mtu asije akanitafuta saa tisa za usiku.